Maji Yakizidi Unga

Hamri la kwanza nililomkaangia binti yangu kwa unga wa mchele lilizama chini ya karai na likakaa huko huko. Nikalingoja liibuke, lifure, nilimwagie mafuta ya moto mgongoni kwa upawa lizidi kutuna. Halikuibuka. Nilipolitia kijiko cha matundu likavunjika vipande vinne, mafuta yakachafuka, na mwanangu aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani yake mkononi akauliza, "Mama, langu limepotea?"

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, jua la kaskazi limeshaanza kuchoma saa mbili asubuhi. Sisi twakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofa ya pili, na siku kama hiyo harufu ya iliki na tui hupanda ngazi kutoka kila jiko la mtaa. Mtoto wa Mji wa Kale hahitaji kuambiwa kwamba leo ni Jumamosi. Wangu alikuwa na miaka sita, na alikuwa na wiki tatu hajatia ngano mdomoni.

Sasa ana minane. Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita mama mmoja alinishika mkono pale Marikiti, mbele ya mabanda ya viungo, baada ya kunisikia nikimuuliza muuzaji kama unga wake wa dengu umesagwa peke yake. Mtoto wake naye ana seliaki kama wangu, yale maradhi ya kutoweza kula ngano. Tulisimama pale karibu saa nzima, mifuko yetu chini, na nilipofika nyumbani nikakumbuka mambo mengi ambayo sikumwambia.

Nianze na maradhi yenyewe. Tangu alipokuwa na miaka minne mwanangu alikuwa na tumbo limetuna na mikono kama vijiti. Choo chake kilikuwa laini, cha kunuka vibaya. Alikuwa mchovu, analala mchana kama mtu mzima aliyetoka kazini. Tulimpa dawa ya minyoo mara tatu. Tukaambiwa amiba, tukamtibu amiba. Damu ikaonekana ni chache, tukapewa dawa ya kuongeza damu, chupa baada ya chupa, na damu haikupanda. Tulimsomea dua pia, na sijutii, kwani dua haijamdhuru mtu. Lakini miaka miwili ilipita hivyo, nguo zake za miaka minne bado zinamwenea.

Daktari wa watoto aliyetufungulia mlango aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Asubuhi anakula nini?" Nikamwambia boflo na chai ya maziwa, au hamri, au chapati ya jana. Mchana wali au ugali, jioni mara nyingi tambi. Akaandika kwa muda, kisha akasema nimpeleke akatolewe damu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sitaki mzazi mwingine alirudie. Dada yangu alikuwa amesikia habari za ngano, nami kwa hofu nikamwachisha mtoto mkate siku nyingi kabla ya kumpeleka akatolewe damu. Daktari akanieleza kuwa kipimo kile kinatafuta askari ambao mwili huwatoa kupigana na ngano. Mtoto akiwa hali ngano, askari hupungua, na kipimo kinaweza kusema hana kitu hali anacho. Ikabidi nirudi nyumbani nimlishe tena kile nilichokwisha kukishuku, kila siku, kwa wiki kadhaa, huku nikimtazama tumbo likijaa upya. Kwa hivyo ukishuku, mpime kwanza. Usimwachishe mkate kabla ya vipimo.

Baada ya damu alitiwa kamera, kikachukuliwa kinofu kidogo cha utumbo mdogo. Jibu lilikuwa seliaki.

Gluteni ni protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka moja ya nchi za baridi iitwayo rai. Sisi sote twaila bila habari. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo mdogo na kuushambulia. Ndani ya utumbo huo mna vinyuzi vidogo sana, kama manyoya ya mahameli, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa hulala, huisha. Mtoto anakula na chakula kinampita. Hakuna kidonge wala sindano. Dawa yake ni kuacha gluteni maisha yote, na ukiacha, utumbo hupona wenyewe polepole.

Nilitaka kujua nani aligundua kwamba kosa ni la ngano, nikasoma. Kulikuwa na daktari wa watoto huko Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliyekuwa akishuku mkate tangu miaka ya 1930. Halafu vita vikaleta njaa kubwa nchini mwake, msimu wa baridi wa 1944 kuingia 1945, mkate ukawa adimu. Watoto wenye seliaki, ambao wangetarajiwa kuwa wa kwanza kudhoofika, wakaonekana nafuu. Mkate uliporudi wakaugua tena. Niliposoma hivyo nilikaa kimya kwa muda. Nilifikiria akina mama wa hospitalini mle, kila mmoja akifurahi kuwa mkate umepatikana.

Sasa tuje kwenye unga.

Wa kwanza nilionunua ulikuwa wa kutoka ng'ambo, katika duka kubwa upande wa Nyali, umeandikwa kuwa hauna gluteni. Bei yake ilipita ya unga wa ngano zaidi ya mara tano, na pakiti ilitosha keki moja na nusu. Keki ilikuwa nzuri, siwezi kuudhulumu. Lakini nilipogeuza pakiti kusoma kilichomo, nikakuta mchele, viazi, muhogo na mahindi. Nikarudisha macho kwenye kapu langu la mboga. Mchele ninao, muhogo umejaa Kongowea. Nalipia nini?

Basi nikachukua kilo mbili za mchele nikapeleka kwenye mashine ya kusaga. Kijana wa pale alikuwa muungwana, aliupuliza mlango wa mashine na kuupangusa nilipomwomba. Lakini aliponiuliza kwa nini, nikamweleza, alizima mtambo akanitazama. "Mama, hapa twasaga kila kitu. Kabla yako nimesaga uji wa mchanganyiko, na ngano ilikuwemo. Siwezi kukudanganya." Nilimshukuru sana. Unga wa kwanza hubaki kwenye kona za mashine hata baada ya kusagwa kilo nzima nyingine. Nikarudi na mchele wangu, na mwezi ule ule tukanunua mashine ndogo ya kusagia viungo, ambayo hadi leo haijaonja ngano.

Nasaga hivi. Mchele nauosha mpaka maji yatoke safi kama ya kisima, nauroweka usiku, asubuhi nauchuja na kuutandaza juu ya kitambaa cha melimeli chini ya panka. Ukigusa usisikie maji, lakini punje ikivunjika kwa ukucha kwa urahisi, ndiyo saa yake. Mchele mkavu husagika ukabaki na chembe kama mchanga, na mchanga huo utausikia kwenye keki hata ukitia siagi ya aina gani. Mchele ulioroweka husagika ukawa poda. Kisha napitisha kwenye melimeli nyingine, naanika tena, natia ndani ya kopo la kufunga. Mji wetu una unyevu mwingi, unga wa kusaga nyumbani usiuweke wiki tatu nje. Mimi nauweka kwenye friza.

Unga ninao, safi, mweupe, na bado mahamri yanazama, maboflo yanatoka kama matofali. Nilikuwa nakanda. Nimekulia kwenye kukanda, mikono yangu yajua yenyewe. Unga wa ngano ukiukanda, ile gluteni inaungana ikawa kama utando wa mpira. Pumzi ya hamira na mvuke wa moto hunaswa humo, ndiyo hamri likafura na boflo likaumuka. Mchele hauna utando huo. Ukande kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, hautaupata. Nilichokuwa nafanya ni kuongeza unga kila donge liliponata mkononi, na kila nilipoongeza unga mkate ulizidi kuwa jiwe.

Nyanya yangu anakaa chini, ghorofa ya kwanza ya nyumba hii hii, na kwa umri wake hapandi ngazi ovyo. Siku ile alipanda. Alikuta nimeinama juu ya sinia, jasho linanitoka.

"Wakanda nini, mwanangu?"

"Unga wa mchele, nyanya. Nataka nimpikie kitukuu chako boflo."

Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ndicho kiti kilichokuwa karibu, akanyoosha mkono akachukua kibonge akakivunja. "Mchele haukandwi. Mchele humiminwa. Nani aliyekufunza kuukanda?"

"Hakuna, nyanya."

"Na sisi ngano ilipokuwa haipatikani tulikuwa twala nini? Nenda kaniletee nazi."

Nazi zilikuwapo mbili. Akaanza kukuna palepale alipokaa, na huku anakuna anahesabu: mkate wa sinia, vibibi, vitumbua, mkate wa mofa wa mtama ambao mamake alikuwa akiuoka kwenye tanuri la udongo. Vyote hivyo mwanangu angeweza kula. Nilikuwa navijua vyote, nimevila tangu utotoni, na havikunijia kichwani kwa sababu nilikuwa nimeshika neno moja tu, mkate, na mkate kwangu ulikuwa na sura ya boflo la dukani.

Mkate wa sinia wa nyanya nitaueleza taratibu, kwani ndio ulionifundisha mengine yote.

Vikombe viwili vya mchele usionata, umelala majini usiku kucha. Umwage maji, utie kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, iliki iliyomenywa punje sita au saba na kijiko kidogo cha hamira. Saga, pumzisha mashine isipate moto, saga tena. Nyanya alichovya vidole, akasugua kidole gumba na cha shahada karibu na sikio lake. Akasema bado. Nikasaga mara ya tatu. Akasugua tena, akatikisa kichwa kukubali. Uji ule unapaswa kuteleza kabisa, usisikie chembe hata moja, na uzito wake uwe kama wa maziwa ya mgando yaliyokorogwa.

Ufunike. Kwa joto la kaskazi dakika arubaini zatosha. Mwezi wa Julai, kusi ikivuma, ungoje saa nzima na zaidi. Utaona vipovu vinapanda na kupasuka, na ukiukoroga kwa mwiko unasikika, una sauti ya kuchacha. Sukari, robo tatu ya kikombe, hutiwa sasa na si mwanzo, kwani sukari hulainisha uji na ukiitia mapema utadhani tui limezidi. Ute wa yai moja uliopigwa mpaka ukawa povu unafuata, unachanganywa kwa upole. Ungoje tena dakika kumi.

Sufuria pana ipakwe samli, ishike moto mpaka tone la uji likianguka liseme. Hapo mimina wote mara moja, punguza moto chini, usiuguse. Nyanya aliniinamisha kichwa nitazame. Kwanza uso ulikuwa kama maziwa. Kisha pembeni, kwenye ukingo wa sufuria, tundu moja likafunguka, dogo kama la sindano. Likafuata la pili. Yakaanza kwenda katikati, mamia, kila moja linafunguka na kubaki wazi. "Hayo ndiyo macho yake," akasema. "Wa ngano hufungwa ndani. Wa mchele huachwa upumue." Macho yakifika katikati, unatia moto juu. Zamani ilikuwa bati lenye makaa, sufuria imekaa juu ya seredani. Mimi naiingiza kwenye oveni chini ya moto wa juu mpaka uso uwe rangi ya asali.

Mwanangu alikula vipande vitatu na chai, akalala, akaamka bila tumbo kumuuma.

Usiku ule nilifikiria maneno ya nyanya. Sisi tukitaka kusema mambo yameharibika husema maji yamezidi unga. Katika mkate wa mchele maji lazima yazidi unga. Ndiyo siri yote ya kuoka bila gluteni, nami nilikuwa naikimbia kila nilipochota unga mwingine kwa mkono. Unga huu hunywa maji mengi na hunywa polepole, kwa hivyo unaupa mengi, kisha unaungoja.

Boflo langu la sasa lina gramu 250 za unga wa mchele, gramu 100 za unga wa mtama na gramu 100 za wanga wa muhogo. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Unga niliousaga mimi na uliousaga wewe havijai kikombe sawasawa. Maji vuguvugu ni gramu 450, sawa na unga wote, na juu yake mayai mawili. Sukari vijiko viwili vikubwa, mafuta viwili, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, siki kijiko kidogo, hamira kijiko kikubwa kisichojaa sana. Na gramu 20 za isabgol.

Isabgol ni yale maganda mepesi ya mbegu ambayo maduka ya Wahindi na maduka ya dawa huuza kwa watu wenye kufunga choo. Ukiyatia kwenye maji, baada ya dakika tano yanakuwa ute mzito, unavutika. Ute huo ndio unaoshika pumzi ya hamira badala ya gluteni. Nayaroweka kwanza kwenye maji yote ya mkate, kisha natia mayai na mafuta, mwisho unga na hamira. Nakoroga kwa mwiko dakika tatu. Hutoka kitu ambacho si donge wala si uji, kinakaa katikati, na mkono uliozoea ngano utataka kuongeza unga. Usiongeze. Mimina kwenye bati lililopakwa mafuta, lainisha juu kwa kijiko kilicholowa maji, ufunike. Ukipanda mpaka karibu na ukingo wa bati uingize oveni, digrii 190, saa moja au zaidi kidogo. Usiuache upande kupita ukingo. Hauna utando wa kuushikilia, utaanguka katikati.

Ukitoka, usiukate. Najua ugumu wake, nyumba nzima inanukia na mtoto amekaa mezani. Wanga ukiwa moto bado haujashika, kisu kitatoka na gundi na utadhani haukuiva. Saa mbili uache. Na usiuweke kwenye friji, kwani ubaridi ule huufanya ukauke upesi kuliko ukiuacha mezani. Kata vipande vyote siku ile ile, tia friza, asubuhi toa viwili uvipashe kwenye kikaango na siagi.

Wanga wa muhogo nautengeneza mwenyewe. Nachukua muhogo mtamu, namenya, nakuna, natia maji na kukamua kwenye melimeli kama tui. Maji yale meupe nayaacha saa mbili tatu. Ukiyamwaga polepole unakuta chini ya bakuli wanga umekaa, mgumu kama chaki ukiugonga, na ukiutia kijiko unalainika mkononi. Unaanikwa juani. Huu si sawa na unga wa muhogo wa makopa, ambao ni muhogo mzima uliokaushwa na una harufu yake ya uchachu. Na kwa makopa uangalie unanunua kwa nani, kwa sababu muhogo mchungu una sumu, na usiporowekwa na kukaushwa ipasavyo sumu hubaki.

Jambo lililoniumiza zaidi ya yote halikutoka kwa ngano niliyoijua. Ramadhani iliyopita jirani alituletea vitumbua vya futari. Nilimuuliza mlangoni, "Ni mchele mtupu?" Akasema mchele mtupu, wallahi. Usiku mwanangu alitapika mara nne, tumbo likamkaba siku mbili. Niliposhuka kwa jirani sikwenda kugombana, nilimwomba anielezee anavyopika tangu kuroweka. Akafika kwenye hamira akasema, "Halafu natia kijiko kimoja cha ngano, vishikane." Akanyamaza mwenyewe. Akaanza kulia.

Hakunidanganya. Wapishi wengi wa vitumbua na mkate wa sinia hutia kijiko hicho, na kwao bado ni chakula cha mchele. Lakini chakula kinachoruhusiwa kuitwa hakina gluteni, kwa kipimo cha kimataifa, hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano kikiingia kwenye kilo ya vitumbua, kinapita kiasi hicho kama mara thelathini. Tangu siku ile siulizi tena "mna ngano?" Nasema, "Nieleze ulivyopika, toka mwanzo." Jirani yangu siku hizi ana mchele wake wa mwanangu kwenye kopo la peke yake, na vitumbua vyake ndivyo bora mtaani.

Jikoni kwangu vyombo vya mtoto vimefungwa uzi mwekundu: mwiko, kwani mbao hunywa unga, chekecheke, kwani matundu yake hayasafishiki, kibao, kikaango, na sufuria ya mkate. Mafuta yaliyokaanga sambusa hayakaangi chochote chake. Viazi karai vya barabarani havipati, kwani mara nyingi vimevishwa unga wa ngano. Bhajia ni za dengu lakini karai ni lile lile. Mvuje wa unga tunaotia kwenye dengu umenishangaza kuliko vyote. Soma kopo lake, nyingi zimechanganywa na unga wa ngano. Harusini kuna wali, na kuna halwa, ambayo ni wanga, sukari, samli na iliki, na wanga wake ukiwa si wa ngano akala na wenzake. Madrasa wakiwa na sherehe na keki, nampa kisanduku chake asubuhi, na mke wa ustadhi hukiweka mbali na vingine. Pale madrasa mwanangu ana mwanamke mmoja tu wa kumwamini na amechagua vizuri.

Amenenepa. Nguo za miaka sita nilizigawa, za saba zikafuata. Damu yake sasa ni ya mtoto mzima wa afya.

Na hamri? Sijaacha. Nimepika mbaazi za nazi na vibibi, anakula, anashukuru, kisha Jumamosi inayofuata anauliza hamri. Sasa natumia mchele na wanga wa muhogo nusu kwa nusu, isabgol iliyoloweshwa ndani ya tui zito, hamira, iliki. Naliacha dakika thelathini linywe. Silisukumi kwa mti. Nalibana kati ya mifuko miwili ya plastiki kwa kitako cha sahani, unene wa kidole cha mwisho, naliteremsha kwenye mafuta kwa upawa. Linaibuka. Linafura upande mmoja. Ndani limejaa, halina ule mfuko wa kutia mbaazi, na yeye kila mara hulipasua kwanza akachungulia kabla ya kuonja.

Jumamosi iliyopita nilikaanga tisa. La sita lilipogeuka nilisikia linalia kama la ngano, nikalimwagia mafuta mgongoni, likatuna. Nilimpa bila kusema kitu. Akalipasua, akachungulia, mle ndani mkawa na mfuko wa kuingia kidole gumba. Akaujaza mbaazi kwa kijiko cha chai, mpaka pomoni, akateremka nalo ngazi mbio kumuonyesha nyanya.